Moodle (mfumo wa masomo mtandaoni): wanafunzi wanaona alama tu, maelezo hawaoni

Mwl_Takwimu
Habari zenu wakuu. Nafundisha takwimu mwaka wa kwanza, wanafunzi 340. Zamani karatasi zilinichukua wiki 3, nazirudisha mada imeshapita. Sasa jaribio liko Moodle, alama zinatoka papo hapo, lakini mtu anaona 4/10 basi. Jana binti mmoja kanifuata mlangoni: "Mwalimu, nimekosea wapi?" Iliniuma sana. Maelezo ya kila swali niliyaandika, nimekesha nayo. Yako wapi?

Chaki_Nyeupe
Pole mwalimu. Ingia mipangilio ya jaribio, sehemu ya mapitio. Kuna nyakati 4 za mwanafunzi kuonyeshwa matokeo: anapojibu, mara tu akimaliza, baadaye jaribio likiwa bado wazi, na likishafungwa. Weka tiki kwenye mrejesho, ndiyo maelezo yako hayo. Majibu sahihi yaache mpaka lifungwe, la sivyo kundi la mchana watayapata WhatsApp.

Mama_Maabara
Ipo pia namna ya kujibu kwa awamu: akikosa anapewa dokezo, anajaribu tena, anakatwa theluthi ya alama (kiwango unaweza kukibadilisha). Lazima uandike madokezo, bila hayo hapati nafasi ya pili. Mimi dokezo langu huwa swali: "Umegawanya kwa n au n−1?" (n ni idadi ya data). Hapo ndipo wanapofikiri.

Mwl_Takwimu
Asanteni mno, tiki haikuwepo kweli. Na nimeona kosa langu swali la 7: jibu niliweka 0.667 bila kuruhusu tofauti, kila aliyeandika 0.67 akapata sifuri. Nimerekebisha, nikaagiza mfumo usahihishe upya wote. Kesho namtafuta yule binti.