Tupeane uzoefu: picha ya kizamani ya mtu usiyemjua

Mtoto wa Kaloleni: Wadau, leo nikipekua sanduku la bati la marehemu shosho nimepata postikadi ya picha, jamaa kwa suti, mkono juu ya kiti, pazia la studio limechorwa bustani. Kiatu kimoja hakina kamba. Jina hakuna. Kuna mwenye amewahi kupata kitu kama hii?

Fundi Picha: Geuza uangalie pa kubandika stempu. Ukiona AZO, hiyo ni chapa ya karatasi ya picha, na pembetatu zote nne zinaangalia juu, karatasi ni ya 1904 hadi 1918. Mbili juu mbili chini, ni ya baada ya hapo.

Babu Kariokor: Hiyo ni tarehe ya karatasi, si ya picha! Mwenye studio angekaa nayo hata miaka kumi. Na nani amekwambia hapa wote walitumia karatasi ya Marekani?

Fundi Picha: Nani amesema wote? Soma mzee.

Mama Wawili: Nyinyi bishaneni tu. Sisi guka alipofariki tulitafuta picha yake ya ujana tukapata ya askari wa KAR, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, tarbushi na vifungo vinang'aa, tukasema ndiye huyu tu, tukaichapisha kwa programu ya mazishi ukurasa wa mbele, kopi 300. Mchungaji amefika katikati ya tawasifu mzee mmoja akasimama akasema huyu si yeye, marehemu hakuwahi kuenda jeshi, alikuwa mpishi wa Wazungu. Watu kimya. Halafu kuna mtu akacheka. Nikaangalia shosho mstari wa mbele, ameshika programu anapitisha kidole gumba juu ya huyo askari, polepole, hata hageuki.

Msee wa Gikomba: Weee! 😳

Kui: Haki pole. Lakini shosho 😂

Babu Kariokor: Kama ilitumwa, stempu itakwambia. Zenye Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja zilianza 1935.

Msee wa Gikomba: Babu, hakuna mtu anauliza stempu saa hii.

Nyanya Mdogo: Choma. Picha ya mtu huijui haikai kwa nyumba.

Fundi Picha: Usichome! Usiipanguse na kitambaa cha maji pia. Piga picha mbele na nyuma, onyesha wazee wangali wako.

Kui: Mama Wawili, mlimuuliza shosho?

Mama Wawili: Nani angethubutu. Zile zingine tulichoma jioni hiyo hiyo. Yake iko ndani ya Biblia.