Mjadala: "Rege ya maskinhedi", jina hili libaki au lifutwe?

Mleta mada

Nyimbo za Jamaika za 1968 hadi 1971, zile za ogani inayochemka na gita linalokatakata, leo zinauzwa kwa jina la "rege ya maskinhedi". Maskinhedi walikuwa vijana wa familia za wafanyakazi Uingereza: nywele zimenyolewa karibu na ngozi, mabuti ya Dr. Martens, shati la Ben Sherman, suruali imepandishwa juu ya kifundo.

Nasema jina lifutwe. "Israelites" ya Desmond Dekker ilitengenezwa Kingston na prodyuza Leslie Kong mwaka 1968, na inamhusu mtu anayeamka asubuhi kuhangaikia mkate. Ilipokamata namba moja Uingereza Aprili 1969, aliyebadilika ni mnunuzi tu. Rumba ya Kongo imenunuliwa mno Nairobi, mbona hakuna anayeiita rumba ya Nairobi?

Inchi Saba

Mkuu, mfano wa rumba ni mtamu lakini haufiki. Maskinhedi walinunua, na pia wakatengenezewa. "Skinhead Moonstomp" ya Symarip ilirekodiwa Uingereza na wanamuziki wenye asili ya Karibiani, na inamwita mteja wake kwa jina tangu kwenye lebo. Laurel Aitken naye alitoa "Skinhead Train". Hizo utaziitaje?

Kisha tazama fedha ilivyotembea. Kampuni za santuri za Uingereza, Trojan ya Lee Gopthal (1968) na Pama ya ndugu wa Palmer, zilianza kwa kuwauzia Wakaribi wa London. Ila chati ya mauzo ya Uingereza, kuanzia Februari 1969, ilitegemea taarifa za maduka kama 300 hivi, na vibanda vingi vya santuri vya Wakaribi havikuwamo. Santuri ingeweza kuuzwa kwa maelfu Brixton na Harlesden, mitaa ya Wakaribi London, bila chati kushtuka. Kijana mweupe akinunua ileile duka la katikati ya mji, inahesabiwa. "Return of Django" ya Upsetters ikafika namba 5 na "Liquidator" ya Harry J All Stars namba 9, zote 1969, na zote hazina mwimbaji. Redio haikuzibeba hizo. Zilibebwa na kumbi za dansi za vijana na viwanja vya mpira.

Mkono wa Kushoto

Kwa mpigaji, jina hili lina hasara nyingine: linamfundisha vibaya. Bendi zinazojiita za "maskinhedi" hukimbiza mwendo na kukandamiza ngoma kama punk, zikidhani nguvu ndiyo siri. Siri iko kwenye ogani. Hesabu moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Gita linakata kwenye kila "na". Mkono wa kulia wa ogani unaangukia hapohapo pamoja na gita, na wa kushoto unagusa kabla na baada yake, kwa wepesi. Ndiyo mchemko wenyewe. Kosa la kawaida ni mikono yote miwili kupiga kwa uzito sawa: unapata uji, "na" inapotea, besi haina pa kupumulia. Msikilize Winston Wright, mpiga ogani wa Jamaika, kwenye "Liquidator", halafu niambie ni wapi Mwingereza aliweka mkono wake.

Jina linaloeleza mlio lipo tayari: rege ya mwanzo. Linaitofautisha na rokstedi iliyotangulia, ambayo ni ya taratibu zaidi, na rege ya Kirasta iliyofuata.

Pwani hadi Wembley

Mnabishana habari za ogani na chati, na damu mmeiruka. Vijana haohao waliocheza "Young, Gifted and Black" ya Bob na Marcia (namba 5, 1970) waliwapiga Waasia mitaani. Aprili 1970 Mpakistani mmoja aliuawa kwa kisu London Mashariki, na magazeti yakajaa habari za vipigo hivyo.

Hili linatuhusu. Mwishoni mwa 1967 na mwanzoni mwa 1968 Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza walihama kwa maelfu, baada ya Kenya kubana vibali vya kazi na leseni za biashara kwa wasio raia. London ikapitisha sheria ya kuwazuia kwa siku tatu tu, na Aprili 1968 mbunge Enoch Powell akatoa hotuba yake ya chuki Birmingham. Waliowahi kuingia, miongoni mwao watu waliokulia kwenye Kiswahili, waliwakuta maskinhedi mtaani. Kumpenda Mjamaika hakukumzuia mtu kumchukia Mhindi. Kwa hiyo anayesema "maskinhedi wa mwanzo hawakuwa wabaguzi, ni wale wa National Front, chama cha wabaguzi, miaka ya 1970 mwishoni walioharibu jina" anasema nusu. Ya pili ni kweli. Ya kwanza si kweli.

Mleta mada

Hapo nimeshika adabu. Ila hoja yako inanipa nguvu: kwa nini mzigo huo abebeshwe Winston Wright?

Inchi Saba

Asibebeshwe. Basi tugawe: jina libaki kwa zile chache zilizowalenga kwa makusudi, nyingine zote ziwe rege ya mwanzo.

Anayepanga santuri zake asidanganywe na lebo. Nembo ya Trojan inaonyesha nani alitoa Uingereza, haionyeshi wapi ilirekodiwa, na sehemu kubwa ya zile kanda zilitoka Kingston. Tundu kubwa katikati kwa kawaida ni la Jamaika, ingawa santuri ya Uingereza iliyong'olewa kitovu chake hukudanganya macho, kwa hiyo chunguza kingo za tundu kama zina alama za kuvunjwa. Na wimbo uleule unaweza kuwa na sura mbili. Ile ya Bob na Marcia iliongezewa fidla London, kazi ya Johnny Arthey, ili iingie redioni. Ukisikia fidla, umeshika ya Uingereza. Tafuta isiyo nazo, usikie gita na ogani zilivyokuwa zikizungumza kabla hazijafunikwa.