Tupeane uzoefu: mliowahi kwenda Komoro, mara ya kwanza ilikuwaje?

Msafiri wa Temeke
Wakuu, salaam. Nimerudi juzi kutoka Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, siku tisa. Kutoka Dar ni ndege ya muda mfupi, hata saa haibadiliki, nikajiandaa kama naenda Pemba. Hapo ndipo nilipoula wa chuya.

Nilitua uwanja wa ndege wa Hahaya na kadi ya benki na dola kidogo. Viza unakata pale pale uwanjani, na pesa inayoeleweka ni yuro taslimu. Abiria mwenzangu, mama wa Kingazija, ndiye aliyenibadilishia kwenye foleni. Kufika Moroni, mji mkuu, mashine ya kwanza ikatema kadi, ya pili umeme umekatika. Siku mbili nikaishi kwa muhogo na ndizi za kuchoma.

Faranga yao imefungwa na yuro, yuro 1 ni kama faranga 492, mwaka mzima. Kwa hiyo bebeni yuro, noti ndogondogo. Haya, mwageni na yenu.

Bint Mvita
Mimi ni lugha. Nilikuwa Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani. Nimempa mama mwenye nyumba kanga niliyomchukulia Mombasa, akaipokea kwa mikono miwili, akaniambia, “Marahaba.” Nikaduwaa. Shikamoo nimempa saa ngapi? Kumbe kwao marahaba ni asante.

Jioni akaja babu wa jirani. Nimeshafundishwa kuwa mtu mzima unampa “kwezi”, nikampa. Akajibu, “Mbona.” Nikasimama nikingoja amalizie, mbona nini? Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Ndiyo itikio lenyewe hilo.

Kwa hiyo msijiamini sana. Neno moja moja utalidaka, wakianza kuongea wao kwa wao umeachwa njiani. Ofisini ni Kifaransa. Mimi niliokolewa na wazee waliowahi kuishi Zanzibar, Kiswahili chao kitamu kuliko changu.

Mpanda Milima
Kuna anayepanga Karthala? Mita 2,361, na ni volkano hai. Tulianza kijiji cha Mvouni alfajiri na kijana wa pale anayeongoza wageni. Nilibeba lita tatu za maji, adhuhuri nikabaki na chupa tupu naitikisa. Ngazija haina mto hata mmoja wa kudumu, mvua ikinyesha inazama yote kwenye mawe ya volkano. Watu wanakinga ya mapaa kwenye matangi. Mlima ulipolipuka 2005 jivu likaingia humo, ikawa shida kubwa ya maji. Yule kijana alinigawia yake bila kusema neno, nikaona aibu. Bebeni ya kutosha, na sweta. Kule juu usiku ni baridi ya Lushoto.

Mama Wawili
Fupi tu. Ijumaa mchana msitegemee duka. Mabega na magoti yafunikwe, nguo za kuogelea ziishie ufukwe wa hoteli. Na Julai na Agosti tiketi hazishikiki: Wangazija wa Ufaransa wanarudi kwa ajili ya harusi kubwa, wenyeji wanawaita “je viens”, Kifaransa cha “nakuja”. Ukialikwa nenda, utakula mpaka ukome. Mimi nilialikwa na dereva wa teksi niliyepanda naye mara moja tu!

Msafiri wa Temeke
@Mama Wawili, mimi nilikosa hiyo harusi kwa sababu ya faranga. Bado inaniuma. Kisiwa cha Mwali kuna aliyefika?

Nahodha Mkavu
Nimefika, kuona kasa Itsamia. Usiku tulikaa mchangani bila tochi, jike moja likapanda kutaga hatua chache kutoka miguuni kwangu. Linachimba kwa makasia ya nyuma polepole, kila likipumua unasikia kama mzee anayeinuka kitini.

Shida ni kutoka. Kusi lilikuwa limekaza, boti ikaahirishwa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndege yangu ya Dar ikaondoka Hahaya mimi nikiwa bado Mwali, mjini Fomboni, nakula pweza. Wapo waliojitolea kunivusha kwa kidau chenye mashine, nikawaangalia, nikaiangalia bahari, nikaagiza pweza wa pili. Mwali iwekeni mwanzo wa safari, msiiweke mwisho.

Bint Mvita
@Nahodha Mkavu, na tiketi ulirudishiwa hela?

Nahodha Mkavu
Dada, tuongelee pweza.