Honda CG125 ya mzee: niirudishe ilivyokuwa, au niikate niibadilishe umbo?

Mvuvi wa Kigamboni aliuliza:

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wenu kabla sijashika msumeno.

Baba yangu, ambaye alikuwa bwana shamba, amenipa pikipiki yake aina ya Honda CG125 ambayo ilikuwa imelala kwenye banda la kuku huko Mkuranga tangu mwaka 2009. Wiki mbili zilizopita niliipakia kwenye kirikuu nikaileta nyumbani Kigamboni, na sasa imesimama kibarazani ikiwa imeegemezwa kwenye tofali. Kiki haishuki hata nikisimama juu yake kwa uzito wangu wote. Tangi likitikiswa linalia kama kayamba kwa kutu iliyomo ndani, kiti kimeliwa na panya, na madigadi ya nyuma imetoboka mahali pawili. Kwa upande wa heri, kile kikasha kinachofunika cheni yote bado kipo, na kadi yake mzee ameihifadhi vizuri.

Wenzangu wa kijiweni wananishauri nikate chasisi kwa nyuma, nichomelee bomba lililopinda, niweke kiti kifupi cha mtu mmoja na usukani wa chini, ifanane na zile pikipiki ambazo vijana wa Uingereza walikuwa wakishindania barabarani miaka ya 1960. Wengine wanasema injini niitupe, ninunue ya Kichina. Nilipomuuliza mzee mwenyewe alijibu kwa ufupi: "Fanya utakavyo, ila usiiuze."

Sina karakana. Nina seti ya spana, bisibisi mbili, jeki ya gari na Jumamosi zangu. Nianzie wapi, na ni kitu gani ambacho nikikikosea sitaweza kukirekebisha tena?

Fundi Mstaafu, Keko:

Mwanangu, swali lako la mwisho ndilo zuri kuliko yote, kwa hiyo nalijibu kwanza. Kitu usichoweza kurekebisha ni chasisi. Rangi uliyoikosea utaikwangua, kiti utakirudisha kwa mshonaji, lakini chasisi iliyokatwa na kuchomelewa na mtu asiye na kipimo haitanyooka tena, na kila utakapokunja kona utaisikia mgongoni. Basi msumeno uwekwe mbali, hata kama baadaye utaamua kubadilisha umbo.

Kuhusu injini, usikubali kuitupa kabla hujaielewa. Honda walipoitoa CG125 mwaka 1976 walikuwa wamewalenga watu kama baba yako, wenye kupita njia za vumbi na joto na kuchelewa kubadilisha oili. Pikipiki ambazo kemshafti yake, yaani mhimili wenye nundu zinazofungua valvu, imekaa juu ya silinda zilikuwa zikiumia haraka kwa matumizi ya namna hiyo, kwa sababu sehemu zile za juu hutegemea oili safi. Ndiyo maana kemshafti ya CG ikashushwa chini karibu na krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na valvu zikawa zinasukumwa kwa fito. Umbo hilo limenakiliwa sana na Wachina, hata baadhi ya bodaboda zinazotupita kila siku ni wajukuu wa injini hiyo. Faida kwako ni kwamba silinda yake ina kipenyo cha milimita 56.5 na mwendo wa pistoni ni milimita 49.5, vipimo ambavyo injini nyingi za Kichina za sisi (cc) 125 zinavyo vilevile, na kwa hiyo pistoni na ringi utazipata Kariakoo bila kuagiza ng'ambo. Hata hivyo usinunue kwa kuangalia tu. Nenda na kile cha zamani mkononi na kipimo cha venia mfukoni.

Sasa hiyo kiki. Tafadhali acha kuirukia, kwa sababu utavunja meno ya gia yake na utakuwa na matatizo mawili badala ya moja. Fungua plagi, mimina ndani ya silinda kiasi cha vijiko vitatu vya mafuta ya gia za otomatiki yaliyochanganywa na dizeli, rudisha plagi kwa mkono, uiache siku tatu au nne. Kisha fungua kifuniko cha magneti, ushike nati ya katikati kwa spana ya boksi, na uitikise mbele na nyuma taratibu, kidogo kidogo, kama mtu anayelegeza jino la mtoto. Ikisogea hata unywele mmoja, umeshinda. Ongeza mafuta na uiache tena. Baada ya hapo utafungua kichwa na silinda ili uone kutu imekula kiasi gani. Ikilazimu kutanua silinda, pistoni za ukubwa wa ziada huwa zinapanda kwa milimita 0.25 kila hatua, na utaratibu ni kununua pistoni kwanza, ndipo umpelekee mkerezaji atanue kwa kuifuata. Wengi hufanya kinyume chake, halafu wanazunguka mitaa yote ya Gerezani kutafuta pistoni ya ukubwa ambao haupo.

Jambo dogo ambalo limeniliza sana ujanani: skrubu za msalaba za pikipiki za Kijapani hazifanani na za kawaida, japo kwa macho huoni tofauti. Mfereji wake umechongwa kwa kipimo cha Kijapani, na bisibisi ya kawaida haifiki chini, bali hupanda juu na kuukwangua mpaka skrubu inakuwa duara tupu. Tafuta bisibisi ya Kijapani, na pamoja nayo ile ya kugonga kwa nyundo ambayo hujizungusha kila inapopigwa.

Ukifungua breki, usipulize vumbi kwa mdomo. Breki shuu za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, nayo haifai mapafuni. Futa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, ukitupe.

Mwisho, soma namba ya injini na ya chasisi, uzilinganishe na kadi. Fanya hivyo kesho asubuhi, kabla ya lolote.

Mama Rangi, Tabata:

Namuunga mkono fundi, nami naongeza habari za tangi na rangi, maana ndiyo kazi iliyonisomeshea watoto.

Tangi lenye kutu usimpelekee mchomeleaji kwanza. Mimi niliwahi kufanya hivyo na tangi la mteja, nikaambiwa kwamba limekauka miaka mingi na halina hata harufu. Moto ulipogusa mshono, mfuniko uliruka ukatua juu ya bati la jirani, na fundi akapoteza nyusi zote mbili. Tulishukuru kwamba yaliishia hapo. Petroli hujificha ndani ya kutu kwa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Kwa hiyo lioshe kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara kadhaa, kisha jaza siki nyeupe mpaka mdomoni, uiache siku moja au mbili, ukitia na nati chache za kukwangua unapotikisa. Ukishamwaga siki, suuza kwa maji yenye baking soda ili kuua ukali wake, likaushe juani palepale na uzungushe oili nyepesi ndani. Ukilala usiku mmoja bila oili hapo Kigamboni, asubuhi utakuta limegeuka rangi ya udongo, kwa sababu upepo wa bahari una chumvi.

Hiyo chumvi ndiyo itakayokusumbua kuliko umri wa pikipiki. Chuma ulichokipiga msasa leo kipakwe praima leo leo. Na usipige rangi wakati wa masika: unyevunyevu ukiwa mwingi, rangi inayokauka haraka hufanya ukungu mweupe juu yake, ukadhani umenunua feki. Mimi hupenda miezi ya Juni hadi Septemba, asubuhi jua likishapanda na kabla upepo haujaanza kurusha vumbi. Rangi ile ya kuchanganya na hadna usiipulizie kibarazani huku watoto wakicheza, na kitambaa puani hakitoshi; inahitaji barakoa yenye vichujio vya kemikali. Kama huna, mpe mwenye banda akupulizie, wewe ufanye msasa, ambao ndio kazi kubwa.

Kijana wa Matuta, Mbagala:

Wakubwa wameshauri vema, lakini naomba nitetee kidogo upande wa kubadilisha umbo. Si kila pikipiki ya zamani ni ya makumbusho, na kupata taa halisi na vibandiko halisi vya CG kunaweza kukula fedha kuliko injini yenyewe.

Mimi niliibadilisha yangu miaka mitatu iliyopita. Usukani wa chini ulinipendeza kwa wiki moja, mpaka nilipokwama kwenye foleni ya barabara ya Kilwa saa kumi na mbili jioni, viganja vikaanza kufa ganzi. Nikashusha na shokapu za nyuma, na tangu siku hiyo ekzosi ikawa inasalimiana na kila tuta. Nilizirudisha mwezi uliofuata. Kilichobaki mpaka leo ni kiti kifupi nilichokitengeneza juu ya bamba la chuma linaloshikwa na matundu yaleyale ya boliti za Honda, kwa hiyo nikitaka kurudisha kiti cha zamani ni kazi ya nusu saa. Badilisha kile kinachofungwa kwa boliti, na chasisi ya mzee haitadhurika.

Mvuvi wa Kigamboni:

Nawashukuru sana wakuu. Kiki bado, ila nati ya magneti imesogea kama upana wa kalamu leo asubuhi, nami nikapiga kelele mpaka mke wangu akatoka jikoni akidhani nimeumia.

Lakini kuna jambo. Nilisafisha upande wa kushoto wa injini kwa mafuta ya taa ili nisome namba, nikakuta imeandikwa 156FMI, na namba inayofuata haifanani kabisa na ya kwenye kadi. Namba ya chasisi ni sawa.

Fundi Mstaafu, Keko:

156FMI ni injini ya Kichina ya sisi 125, silinda ya milimita 56.5 niliyokutajia. Kwa matengenezo hiyo ni nafuu kwako, kwa kuwa kila kipuri chake kipo dukani. Tatizo ni kadi: askari akilinganisha namba barabarani utaonekana umefunga injini ya wizi. Muulize mzee alibadilisha lini na kama ana risiti, kisha ukaulize TRA, Mamlaka ya Mapato, taratibu za kurekebisha taarifa hizo kabla hujaiingiza barabarani. Usithubutu kumpa mtu akugongee namba upya.

Mvuvi wa Kigamboni:

Nimempigia. Amesema alibadilisha mwaka 2006 baada ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, kukatika, na risiti hajui iliko. Halafu akaongeza, kama mtu anayetaja jembe, kwamba ile injini ya Honda hakuiuza. Iko stoo kule shamba, ndani ya gunia la mkaa, imefungwa na waya.

Fundi Mstaafu, Keko:

Usilifungue gunia hilo juu ya mchanga. Tandika turubai kwanza, kisha nitumie picha ya krenki na ya mahali penye namba. Nauli ya Mkuranga ukikosa, niambie, nitakuja nayo mwenyewe.