Tangazo langu la futari linarushwa mchana kweupe, na wahusika wanasema kompyuta haikosei

Mleta mada (mwenye mgahawa, Kariakoo):

Wadau, ninaandika uzi huu mikono ikiwa bado inatetemeka kwa hasira, kwa hiyo mnivumilie. Wahusika siwataji, kwa sababu hakuna mfanyabiashara wa hapa mjini asiyewajua: ni wale wale wa skrini kubwa inayotazama barabara, ambao wakija kukuuzia nafasi huvaa tai na kukuita "bosi", na ukishalipa hawapokei tena simu yako.

Kwa ajili ya mwezi huu mtukufu nilitengenezesha video ya sekunde 30. Ndani yake mna uji, kaimati, tambi, mihogo ya nazi, sambusa zinazotoa moshi, na jagi la juisi ya ukwaju inayomiminwa polepole huku barafu ikigongana, kisha mwisho sauti nzito ya mzee inasema: "Jua limezama, futari iko mezani." Kwenye fomu yao ya oda niliandika kwa kalamu, kwa herufi ambazo mtoto wa chekechea angezisoma, kwamba tangazo lirushwe kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 usiku. Sikuchagua muda huo kwa kubahatisha. Siku hizi magharibi hapa Dar es Salaam inaingia baada ya saa 12 na nusu jioni, na hapo ndipo mtu aliyekwama kwenye foleni anapoamua kama atafuturu nyumbani au mjini.

Leo ni Ijumaa. Swala imekwisha, watu wanamiminika kutoka msikitini mamia kwa mamia, koo zimekauka, na jua la Machi limesimama karibu na utosi kiasi kwamba mtu hana hata kivuli cha kujisitiri. Ndipo skrini nzima ikajaa jagi langu la ukwaju, kubwa kama nyumba ya ghorofa, na spika zikanguruma hadi vioo vya maduka vikatetemeka: "Jua limezama, futari iko mezani." Saa 7 mchana! Bodaboda walisimama. Wapiga debe walinyamaza, jambo ambalo sijawahi kulishuhudia tangu nizaliwe. Mzee mmoja aliyekuwa na tende mfukoni aliangalia skrini, akaangalia jua, akaangalia skrini tena. Na chini ya jagi lile, kwa maandishi ya kijani, pameandikwa jina la mgahawa wangu na namba yangu ya simu.

Tangu hapo simu haijapumzika. Watu nisiowajua wananiuliza kama nina dini, na mmoja ameniuliza kama nina wazazi.

Nimekwenda ofisini kwao mbio. Nimemkuta kijana amekaa, kiyoyozi kinampuliza, nikamwonyesha nakala ya fomu yangu. Ameisoma, ameirudisha juu ya meza kwa kidole kimoja, kisha akaniambia: "Mzee, umeandika 12, tumeweka 12. Kompyuta haikosei." Nimemwambia aliondoe tangazo sasa hivi. Amejibu kwamba mwenye neno la siri la mfumo yuko safarini.

Wadau, "kompyuta haikosei"! Watu wamefunga, jua liko utosini, mzee wa watu anatangaziwa kwamba limezama, halafu mimi niliyelipa fedha zangu ninaambiwa kompyuta haikosei. Ninapoandika hapa, tangazo bado linarudi kila baada ya dakika chache, na kila likirudi ninasikia kwa mbali ile sauti: "Jua limezama."

Fundi wa Tabata:

Pole sana, mkuu. Kwa maelezo yako, kilichotokea kinaeleweka na hakihusiani na kompyuta kukosea au kutokosea. Programu za kupanga ratiba za skrini huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, ama kwa mtindo wa 00:00 hadi 23:59, ama kwa AM na PM. Saa 12 jioni yetu ni 18:00, na saa 2 usiku ni 20:00. Aliyeingiza oda yako hakubadilisha chochote: amechukua 12 akaiweka kuwa 12 PM, ambayo ni saa 6 mchana, akachukua 2 ya usiku akaiweka kuwa 2 AM. Programu nyingi zikiona muda wa mwisho uko nyuma ya muda wa kuanza, huelewa kwamba ratiba inavuka usiku wa manane. Kwa hiyo usitegemee tangazo liishe saa 2 usiku. Litaendelea hadi saa 8 usiku. Badala ya saa 2 ulizolipia, wamekupa saa 14.

Na hilo la neno la siri lisikubabaishe. Mifumo hii hufunguliwa kupitia intaneti, hata kwa simu. Huyo aliye safarini anaweza kuliondoa tangazo akiwa ndani ya basi.

Mdau wa Sinza:

Nimelisikia tangazo hilo nikiwa ndani ya daladala! Kondakta ametuambia tufuturu. Kumbe ni la kwako?

Mzee wa Magomeni:

Mleta mada, mimi nitakuwa mkweli kwako. Unalalamika kwamba umerushwa saa 14 kwa bei ya saa 2, wakati wenzako wanalipia saa 2 na hawarushwi hata dakika. Wewe mtu mzima, mfanyabiashara, unakabidhi video yako kwa watu unaosema mwenyewe kwamba hawapokei simu, hukupanga siku ya majaribio, hukwenda kusimama chini ya skrini siku ya kwanza, halafu unakuja kutulilia hapa. Kesho utajaa wateja, maana mji mzima umelijua jina lako.

Mleta mada:

Mzee wangu, ninakuheshimu, lakini hukuwepo. Hukumwona yule mzee mwenye tende. Hukuisikia ile sauti ikisema jua limezama wakati lami inayeyuka. Siku ya kwanza ndiyo leo, na chini ya skrini nilikuwepo, ndiyo maana nimeshuhudia. Mimi siombi wateja wa namna hiyo. Ninataka yule kijana aniombe radhi na afute lile neno lake kwamba kompyuta haikosei.

Mama wa duka la dawa, Mwenge:

Nyinyi mnalalamikia saa, mimi ninalalamikia umbo. Skrini niliyokodishiwa ni ya kusimama wima, upana pikseli 1080 na urefu 1920. Nikamwuliza yule bwana mara kwa mara kama video yangu ya kulala, yaani 1920 kwa 1080, itafaa, naye akaapa kwamba mfumo unajirekebisha wenyewe. Mfumo umejirekebisha kwa kuivuta video hadi ikajaa. Dada niliyemchukua kwenye tangazo la dawa ya kikohozi amerefuka kama mnazi, na chupa ya dawa imekuwa nyembamba kuliko sindano. Wateja wanauliza kama hayo ndiyo matokeo ya kuinywa. Mahali pengine penye skrini za namna hiyo hiyo wameipunguza video ikae katikati, juu na chini pamebaki weusi, na maandishi ya bei hayasomeki hata ukiwa umeigusa skrini. Video ya skrini ya wima inatakiwa itengenezwe wima tangu mwanzo, na muuza nafasi ndiye mwenye wajibu wa kusema hivyo kabla hajapokea fedha.

Mpishi wa chai, Posta:

Dada wa dawa amesema kweli, lakini suala la saa lisipite hivi hivi, kwa sababu na mimi nimeumizwa na saa kwa njia nyingine. Tangazo langu la supu na chapati liliwekwa sawasawa, 06:00 hadi 10:00, nimeiona ratiba kwa macho yangu. Hata hivyo likawa linaanza saa 3 asubuhi, watu wakiwa wamekwisha kunywa chai na kuingia maofisini, na linaendelea hadi saa 7 mchana, wakati mimi nimekwisha kuosha sufuria. Wiki nzima waliniambia ni mtandao. Haukuwa mtandao. Kiboksi kilichounganishwa nyuma ya skrini kilikuwa kwenye majira ya UTC, yaani saa ya kimataifa ambayo nchi zote hupimia saa zao, na Afrika Mashariki tuko mbele ya UTC kwa saa 3. Ni kuchagua mstari mmoja tu kwenye mipangilio, na hakuna aliyejishughulisha kuufungua.

Fundi wa Tabata:

Na hata ukiuchagua huo mstari, bado kuna suala la umeme. Vifaa vidogo wanavyotumia wengi, kwa mfano kompyuta ndogo za Raspberry Pi za matoleo yaliyotangulia la 5, havina saa ya ndani inayotumia betri. Umeme ukikatika, kifaa kikiwaka huanza na saa ya kukisia, na kinasubiri intaneti ili kijisahihishe. Intaneti ikichelewa, ratiba yote inakwenda kombo hata kama imepangwa na malaika. Dawa yake ni kukifungia kifaa saa yenye betri, ambayo haina gharama kubwa, au kukiwekea umeme wa akiba. Wauza nafasi hawafanyi lolote kati ya hayo.

Mhasibu wa Kivukoni:

Mimi sijali saa wala umbo, mimi ninajali hesabu, na ninashangaa hakuna aliyeligusa hili. Mkataba wangu unasema tangazo la sekunde 30 litarushwa mara 12 kwa saa. Mara 12 kwa saa maana yake ni mzunguko wa dakika 5, na dakika 5 zinatosha matangazo 10 tu ya sekunde 30. Nimesimama mbele ya skrini yao na kuyahesabu: yako 40. Mzunguko wa matangazo 40 ni dakika 20, kwa hiyo mimi ninarushwa mara 3 kwa saa na ninalipia mara 12. Nilipowadai ripoti ya urushaji, ambayo programu yoyote ya maana huitoa ikiwa na tarehe, saa, dakika na jina la faili, walinitumia picha ya skrini ikionyesha tangazo langu. Picha moja! Huo ndio ushahidi wa mwezi mzima.

Mama wa duka la dawa, Mwenge:

Kumbe ni 40? Mimi niliahidiwa kwamba tuko 8.

Mzee wa Magomeni:

Mhasibu, hoja yako ina uzito kuliko ya futari. Naomba ufungue uzi wako, tukuunge mkono.

Mleta mada:

Naomba tusihame. Saa hii ni saa 10 alasiri na tangazo bado linarushwa. Nimewapigia tena, na kijana amepokea kwa bahati mbaya, akaniambia nisubiri saa 12 kwa sababu "hapo litakuwa sahihi". Wadau, mmeielewa dharau hiyo? Anangoja jua lizame kweli ili maneno ya tangazo yamfuate yeye!

Binti wa Mbagala:

Samahani, kwa kuwa mafundi wapo, naomba niulize jambo langu kabla uzi haujafungwa. Video yangu ya saluni inaonekana vizuri kabisa kwenye simu, lakini kwenye skrini inakuwa ukungu mtupu, na wenye skrini wanasema kosa ni la kamera yangu. Kwa upande mwingine wa mji, video hiyo hiyo haichezi kabisa, sauti inatoka lakini picha ni nyeusi.

Fundi wa Tabata:

Bila shaka uliwatumia kwa WhatsApp kama video ya kawaida, nayo huibana video ili iwe nyepesi. Itume kama hati, au wape kwa flashi. Ile ya picha nyeusi huenda imerekodiwa kwa H.265, mtindo wa kubana video ambao simu nyingi za sasa hutumia, wakati viboksi vya zamani vinamudu mtindo wa zamani zaidi, H.264, peke yake. Ibadilishe iwe faili la MP4 la H.264, lenye data ya megabiti 8 kwa kila sekunde ya video. Sekunde 30 zitakuwa na uzito wa takriban MB 30, na itakubalika karibu kila mahali.

Mpishi wa chai, Posta:

Hilo la kubadilisha wanatakiwa walifanye wao, maana wanatoza "ada ya maandalizi". Mimi nimetozwa, na hawakuandaa kitu.

Mhasibu wa Kivukoni:

Ada ya maandalizi mnailipa? Mimi kwangu wameiita "ada ya kupakia".

Mleta mada:

Ni saa 2 na dakika 10 usiku. Muda wangu wa halali umekwisha na tangazo bado linarushwa, kama Fundi alivyosema. Barabara haina mtu mwenye njaa tena, watu wako tarawehe, na mzee bado anatangaza kwamba jua limezama. Kijana amezima simu.

Mdau wa Sinza:

Fundi, na mimi nina swali. Nina runinga ya kawaida ukumbini kwangu, ninaicheza kwa flashi, lakini video ya sherehe inakataa kuingia kwenye flashi ingawa nafasi ipo.

Fundi wa Tabata:

Flashi yako imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, ambao haupokei faili linalofikia GB 4. Ifomati kwa exFAT, mpangilio mpya zaidi usio na kikomo hicho, kama runinga inaikubali. Kama haiikubali, ikate video vipande viwili, au ipunguze hadi megabiti 8 kwa sekunde, na hapo hata sherehe ya saa nzima itaingia.

Binti wa Mbagala:

Na mtu akitumia exFAT, ile ya saluni nayo itacheza bila kubadilishwa?

Fundi wa Tabata:

Hapana, dada. Hiyo bado unatakiwa kuibadilisha.