Alfa Romeo 8C 2300: uhalisi wake hupimwaje?

Swali: Wakuu, Alfa Romeo 8C 2300, gari la Kiitaliano lililobuniwa na mhandisi Vittorio Jano na kushinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mara nne mfululizo, 1931 hadi 1934, huuzwa leo kwa mamilioni ya dola. Je, mnunuzi hutambuaje kwamba gari ni halisi ilhali bodi yake imekwisha kubadilishwa?

Jibu: Ndugu, bodi isikutishe. Chasisi (fremu ya chini ya gari) nyingi zilipelekwa kwa waunda bodi wa Milano, kama Zagato na Touring, waliozivika bodi kwa kazi ya mkono, hivyo kuibadilisha baada ya ajali halikuwa jambo la ajabu. Anza na namba zilizogongwa kwenye chasisi na injini, kisha uzilinganishe na kumbukumbu za usajili.

Jibu: Naongezea kuhusu injini. Silinda zake nane zimepangwa kwa mstari katika bloku mbili, na katikati ya bloku hizo ndipo zilipo gia zinazozungusha kemshafti mbili (mihimili inayofungua vali) pamoja na supachaja (pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini). Binafsi ningechagua gari lililochubuka rangi lenye bloku zake za asili, kuliko linalong'aa lenye injini iliyotengenezwa upya.