Mrejesho: picha za safari zisizo na hisia
Wadau nimerudi. Niliuliza nifanyeje picha zangu za safari zibebe ninachojisikia, maana zinatoka nzuri ila hazisemi kitu. Asanteni sana, hasa aliyesema niamke kabla jua halijatoka na nishushe mwanga wa picha kwenye kamera ya simu. Nilienda Ziwa Bunyonyi kule Kabale, Uganda, ukungu umelala kati ya visiwa, nikagusa skrini penye weupe nikavuta chini kale ka-alama ka jua kanakotokea kwenye skrini mpaka mtumbwi ukabaki kivuli cheusi na kasia linadondosha maji, aisee upweke wangu wote umo mle, dada kaiona akanipigia kuuliza kama niko salama 😂. Ile mbinu nyingine mliyonipa, ya kupiga picha watu kwa karibu, imegoma, kila nikiomba ruhusa wanasimama wima kama picha ya pasipoti. Mwenye mbinu anisaidie hapo.